Walihesabu Matumbawe Bila Kuyagusa

Saa mbili na robo asubuhi. Mlango wa maabara umezuiwa kwa tofali usijifunge, na harufu ya spiriti imeshafika ukumbini. Mwanamke wa miaka sitini na mbili anakata kipande cha tumbawe, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, anakitia kwenye kisahani cha kioo, kisha anakidondoshea matone matatu ya dawa ya kung'arishia nguo.

Kipande kinatoa povu. Nyama inayeyuka. Baada ya dakika chache hakibaki kitu ila vumbi jeupe kama chumvi iliyosagwa. Analisuuza kwa maji, analiweka chini ya hadubini, anafumba jicho la kushoto.

"Rungu," anasema. "Rungu, rungu, na hiki hapa kipipa chenye vipele. Haya, tumemjua."

Anaandika kwa penseli kwenye kijikaratasi, anakikunja na kukitumbukiza ndani ya chupa pamoja na tumbawe lenyewe. Ni lazima iwe penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, na mwaka fulani mtaalamu mmoja alipoandika chupa arobaini kwa kalamu ya bluu, alipata chupa arobaini za maji ya bluu zisizo na majina.

Kwenye rafu nyuma yake zipo chupa elfu moja mia moja na arobaini. Zote zimepita mikononi mwake. Ndiyo maana kituo kizima, kuanzia mlinzi hadi mkurugenzi, humwita Bi Chupa.

Kwenye karatasi za ofisi, hata hivyo, yeye ni mfanya usafi. Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu. Ameshausaini mara themanini na tisa.

Wengi wetu tukisikia neno matumbawe tunafikiria mawe. Lakini yapo matumbawe laini, yasiyojenga jiwe. Ukiyashika, mengine ni kama ngozi ya mkoba, mengine kama jeli. Ndani ya nyama yake mmejaa vijiti vidogo mno ambavyo macho matupu hayavioni, na kila aina ina vijiti vya umbo lake. Matumbawe mawili yanaweza kufanana kwa nje kama mapacha, lakini yakiyeyushwa, moja likaacha marungu na jingine likaacha vijisahani. Vijiti ndivyo kitambulisho chao.

Hayo Bi Chupa hakuyasoma darasani. Shule aliiacha darasa la nne, shangazi yake aliyemlea alipovunjika nyonga na nyumba ikakosa mtu wa kuteka maji. Kazi ya shangazi ilikuwa kuokota pweza miambani maji yakikupwa, na kazi hiyo ikawa ya mpwa. Alikuwa na miaka kumi na moja. Alijua pa kukanyaga na pa kutokanyaga kabla hajajua kugawanya.

Kituo kilimwajiri aoshe vyombo vya maabara. Mtaalamu wa kwanza aliyemkuta pale alikuwa mzee ambaye macho yalikuwa yanamtupa mkono. Siku moja mzee alimwita akamwambia, dada, hebu nitazamie hapa, unaona nini? Bi Chupa akasema anaona marungu ya walinzi. Mzee alicheka mpaka akatoa miwani. Tangu siku hiyo alikuwa akimwita kila asubuhi, na kwa miaka sita walifanya kazi hivyo: mmoja anatazama, mwingine anaandika.

Mzee alistaafu. Bi Chupa akabaki na hadubini, na fagio.

Anayaita matumbawe kwa majina yake mwenyewe. Sikio ni lile pana, lenye mikunjo, linalokaa kwenye maji ya kina cha kiuno pale jua linapofika. Vidole huota jirani na Sikio. Fumba-fumbua ni lile linalofunga na kufungua vishikio vyake kutwa nzima, kama mtoto mchanga anayejaribu kushika hewa, nalo hupenda pale maji yanapotulia. Waridi, lenye rangi ya zambarau na miiba inayochoma vidole, halitaki jua. Hilo ulitafute upande wa nje, chini ya vibanda vya mwamba, pale mkondo unapopita kwa nguvu.

"Kila mmoja na mtaa wake," anasema. "Huyu anataka mwanga, huyu anataka upepo wa maji, huyu anataka watu wasimsumbue. Ukiniletea tumbawe nitakwambia limetoka wapi, kama wewe unavyoweza kumjua mtu wa mtaa wenu kwa salamu yake."

Kwa hesabu ya chupa zake, upande wa nje wa mwamba una aina kumi na saba za matumbawe laini. Upande wa ndani, ule mtulivu ambao watu huudharau, una thelathini na moja. Tisa kati ya hizo hajawahi kuzikuta mahali pengine popote.

Basi shikeni aina hizo tisa, maana ndizo kiini cha hasira yake.

Miezi minne iliyopita Bi Chupa alikuwa akipangusa meza kubwa ya mikutano. Juu ya meza ilitandazwa ramani mpya ya mwamba, imepakwa rangi. Nyekundu ilikuwa matumbawe magumu, njano matumbawe laini, kijivu mwamba uliokufa. Upande wa ndani wote, viwanja saba vya kupimia, ulikuwa kijivu.

Alisimama na kitambaa mkononi. Kiwanja cha nne alikuwa amekipitia siku kumi tu kabla ya hapo, na alitembea akinyanyua miguu kama mtu anayepita kwenye chumba kilicholala watoto, asije akakanyaga Masikio.

Mkuu wa kikosi cha upimaji aliingia kuchukua chaja yake. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu, mwenye shahada mbili. Bi Chupa akamuuliza.

"Mwanangu, hapa pamekufa lini?"

"Mama, hiyo ni ripoti ya kitaalamu."

"Sijauliza ya nani. Nimeuliza lini."

Kijana akatabasamu, akamweleza kwa upole kwamba asilimia themanini na moja ya upande ule ni mwamba mtupu na inayobaki ni mchanga, kwamba kompyuta ndiyo imehesabu, na kwamba asiwe na wasiwasi. Kisha, akiwa mlangoni, akatoa lile lililokuwa chini ya ripoti. Kwa kuwa hakuna kilicho hai, pale patachimbwa mfereji wa meli. Mitambo ingefika baada ya msimu wa mvua. Karatasi zilibakiza muhuri mmoja.

Bi Chupa anasema hakumbuki alivyofika nyumbani siku hiyo.

Nyumbani ni vyumba viwili nyuma ya karakana ambako mumewe, fundi wa majokofu aliyestaafu, bado anatengeneza feni za majirani ili asikae bure. Mwanamke aliingia, akakaa juu ya jokofu bovu lililolazwa, akasema wamewaua kwa rangi. Mume akauliza nani kauawa. Ilichukua birika zima la chai kumwelewesha.

Sasa tuseme kilichotokea, kwa sababu kosa lenyewe ni dogo na ndiyo maana linauma.

Kikosi kilikwenda upande wa ndani kwa siku mbili tu. Kabla ya hapo mvua kubwa ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, maji ya tope yakaingia humo ndani. Boti ilikuwa ya kukodi na tarehe zilikuwa zimeshapangwa, kwa hiyo walikwenda vilevile. Walitandaza tepu, wakaogelea juu yake, wakapiga picha kila baada ya mita moja, wakarudi. Picha zikapelekwa mjini, na huko mtu aliyeketi ofisini mbele ya kompyuta akaweka vidoti juu yake: hapa jiwe, hapa mchanga, hapa jiwe tena.

Sikio likichafuliwa na tope hufumba. Huvuta ndani vishikio vyake vyote, linakuwa jororo kwa ndani lakini kwa nje limekauka uso, rangi inafifia, linajifunika utando mwembamba kama nta. Juu ya utando huo tope linatuama na majani membamba ya bahari yanaota. Hukaa hivyo siku kadhaa, hata wiki. Kisha utando unabanduka wenyewe, unachukuliwa na maji pamoja na uchafu wote, na Sikio linafunguka jipya. Ni kuoga kwake huko.

Kwenye picha, Sikio linalobadili ngozi ni jiwe lenye majani. Mtu wa mjini akaandika jiwe.

"Mimi simlaumu yule wa kompyuta," anasema Bi Chupa, na sauti yake inapanda kidogo. "Yeye hakuwepo. Nawalaumu waliokuwepo. Siku mbili mmeelea juu ya kitu, kichwa chini, mkono unaning'inia hapo hapo. Hamkuweza kukibonyeza? Kwa kidole kimoja tu? Hata nyanya sokoni mtu haichukui bila kuibonyeza."

Alimwandikia mkurugenzi barua. Haikujibiwa. Akaandika ya pili, akaipeleka kwa mkono, akaambiwa na katibu muhtasi kwamba mapingamizi ya kitaalamu hupokelewa kutoka kwa wataalamu. Katika miaka yake ya kazi, makala tisa za kisayansi zimeandikwa kwa kutumia chupa zake. Nane kati ya hizo zinamalizika kwa kuwashukuru "wafanyakazi wa maabara." Ya tisa haishukuru mtu. Katibu muhtasi, ambaye hakuwa na nia mbaya, alimshauri aache, maana mkataba wa themanini na tisa ulikuwa karibu.

Hakuacha. Alimchukua mumewe.

Mume huyo hajui kuogelea. Aliingia majini amevaa buti za karakana na kofia ya kazi, ameshika ncha ya tepu kana kwamba ni waya wa umeme. Walikwenda kila maji yalipokupwa vizuri, zikiwa zimepita siku kumi na mbili au zaidi bila mvua, wakavipita viwanja vyote saba kwa kufuata alama zilezile za kikosi. Yeye akipiga picha kwa simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, mke akigusa na kutaja.

"Mimi nilioa mke," analalamika mzee huyo leo, akifungua skrubu za feni mapajani. "Hakuna aliyeniambia kwamba mahari ile ilikuwa na bahari ndani yake."

"Ulianguka mara ngapi?" mkewe anamchokoza.

"Sikuanguka. Nilikuwa nakagua chini."

Walipata Masikio yaliyofunguka mia mbili na sita mahali ambapo ramani ilisema hakuna hata moja. Walipata Vidole. Katika kiwanja cha sita walipata uwanja mzima wa Fumba-fumbua, wenye upana wa chumba cha darasa, vishikio vyote vikifumba na kufumbua. Mume anasema alisimama pale mpaka maji yakaanza kumfika kifuani.

Wiki tatu zilizopita kamati ya kusikiliza mapingamizi ilikaa. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, maikrofoni moja inayokwaruza, na meza yenye kitambaa cha kijani. Bi Chupa alikuja amevaa gauni lake la kuendea harusi za watu, amebeba ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Mumewe nyuma na bahasha ya picha.

Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia, alimuuliza jina, kazi, na kiwango cha elimu.

"Darasa la nne."

Mtu mmoja katika safu ya wataalamu alikohoa kikohozi kile ambacho si kikohozi. Wengine wawili wakainamia simu zao. Kamati ikamkumbusha kwamba ana dakika tano.

Hakufungua bahasha. Alifungua ndoo. Ndani, kwenye maji ya bahari, mlikuwa na vitu viwili vya ukubwa wa kiganja, vyote vya rangi ya matope, vyote vimeota majani. Kimoja alikiokota mwambani. Kingine amekitunza kwenye beseni la maabara mwaka wa tatu sasa, na wiki ile kilikuwa kimefumba. Alivitoa, akaviweka kwenye sinia lenye maji mbele ya mkuu wa kikosi, akamwomba aonyeshe kilichokufa.

"Huu si utaratibu," kijana alisema.

"Utaratibu wako ulikuwa kutazama. Mwanangu, tazama."

Kijana alitazama. Alisogeza sinia, akainama, akarudi nyuma. Mwisho akasema kwamba asingependa kutoa jibu bila vipimo.

Hapo mwenyekiti aliinuka kwenye kiti chake, akazunguka meza, akapandisha mkono wa gauni. Alikibonyeza cha kwanza, kikawa kigumu kama jiwe. Akakibonyeza cha pili, na kidole kikazama kidogo.

"Hiki ni nyama," alisema.

Akarudi kukaa. Hakujifuta kidole.

Wapo watakaodhani hapo ndipo mambo yaliponyooka. Hapana. Barua ya kamati ilifika siku tisa baadaye, na hasira ya Bi Chupa haikupungua hata chembe, iliongezeka. Kamati imeona kuna shaka. Imeamuru viwanja saba vihesabiwe upya. Lakini kwa siku moja tu, na kikosi kilekile, na boti ileile.

"Siku moja," anasema. Anazungumza huku akisugua vidole vyake, ambavyo dawa ya miaka ishirini na miwili imevipasua kwenye maungio mpaka havikunjiki sawasawa. "Wakienda siku moja na jana yake imenyesha, watarudi na jibu lilelile, safari hii lina muhuri wa kamati. Hapo hata nikibeba ndoo mia hakuna atakayenisikia. Nikikosea mimi, meli zitachelewa. Wakikosea wao, kuna aina tisa ambazo hutazikuta tena, hata ukifungua chupa zangu zote. Zile za kwenye chupa zimekufa. Naziweka vizuri, lakini zimekufa."

Kituo hakikumfukuza. Mkataba wa themanini na tisa amepewa, wa miezi mitatu kama ilivyo ada. Mkurugenzi, tulipomtafuta, alisema kituo kinathamini mchango wa kila mfanyakazi na kwamba suala lipo kwenye taratibu. Mkuu wa kikosi alikataa kuzungumza na gazeti. Hata hivyo, mlinzi anasema amemwona mara mbili asubuhi, kabla ya saa za kazi, akiwa peke yake mbele ya beseni la maabara, ameingiza mkono majini.

Mpango wa Bi Chupa ni mmoja, na ameshauanza. Kila siku maji yakikupwa anakwenda kiwanja cha nne kuangalia kama Masikio yamefunguka, na kila siku anapeleka karatasi ofisini: leo wazi, leo wazi, leo nusu. Anadai kwamba tarehe ya kuhesabu isipangwe na mwenye boti, ipangwe na wenye mwamba. Juzi ofisi ilikubali. Watasubiri karatasi yake ionyeshe "wazi" siku tano mfululizo ndipo waondoke.

Anataka pia kuwemo botini. Hilo nalo lilikuwa na mambo yake. Boti ina nafasi nane, na kanuni inasema kila anayepanda awe na kazi maalumu na cheti chake. Karani wa safari, dada mpole anayempenda, alitafuta njia ya kumpenyeza. Jana alimwita dirishani akamwonyesha fomu, akanong'ona kwamba mpishi hahitaji cheti, kwa hiyo amemwandika mpishi.

Bi Chupa alivaa miwani, akaisoma fomu yote, kutoka juu hadi chini, polepole, kama anavyosoma kila kitu. Akairudisha kwenye kidirisha.

"Futa hapo mwanangu. Andika mhesabu matumbawe laini."

Karani akasema sanduku la cheti litabaki tupu, watauliza.

"Waache waulize, nitawajibu. Wakitaka chai, yule mkuu wao ana mikono miwili, na siku hizi ameanza kujifunza kuitumia."

Karani alicheka, akafuta, akaandika. Karatasi ya leo, ambayo Bi Chupa ameipeleka ofisini saa sita kasorobo, inasema: wazi, siku ya tatu.